Tokeni Mtaroni, Lori Linakuja

Vijana wa baiskeli, asubuhi hii nilisimama mbele ya duka la misumari hapa Muyinga, nikawatazama mkishuka na abiria kutoka sokoni, na nusura niitupe fimbo yangu barabarani. Wote mlikuwa mtaroni. Matairi yenu yanakanyaga kokoto pale lami inapokatika, mabega mmeyakunja, na kila gari likipiga honi mnazidi kujibanza kama wageni waliokuta wenyeji wanagombana. Barabara ile ni yenu pia. Mimi nimeiendesha mpaka goti la kulia lilipokataa kabisa, na ninachokijua nitawaambia leo, chote, maana nikiendelea kukaa nacho kitaniozea moyoni.

Swali lenyewe ni dogo: baiskeli ikae wapi barabarani? Kila mtu anadhani analijua jibu. Kulia, pembeni kabisa, uwapishe wakubwa. Ndivyo nilivyoambiwa, ndivyo nilivyoendesha, na kama si mama mmoja muuza ndagala, yaani dagaa, ningekuwa marehemu wa zamani sana.

Kwanza mnijue. Jina langu ni Yohana, lakini waulizeni wazee wa kituo cha baiskeli cha Gitega kuhusu Yohana, watawaambia hawamjui. Wao waliniita Tanzania. Wazazi wangu walikimbilia huko nikiwa mgongoni, nikakulia kambini, nikajifunza baiskeli huko, nikarudi Burundi kijana mwenye ndevu, kwenye shamba la babu huko Makebuko. Shamba lilikuwa limeshajaa ndugu. Gitega kulikuwa bado na nafasi, basi nikapata baiskeli yenye keria imara, nikafunga mto wa sponji juu yake, nikaanza kubeba watu.

Sasa, mtu aliyekulia Tanzania ana ugonjwa mmoja usio na daktari. Huko magari hupita kushoto, huku hupita kulia. Kichwa hujifunza upesi, ila mwili hauna haraka. Kwenye magari mengi nilikuwa sawa, kwa sababu niliwafuata wenzangu. Shida ilikuwa barabara tupu. Nikitoka kwenye kijia cha udongo nikaingia lami isiyo na mtu, mikono yenyewe ilinipeleka kushoto, nami naenda napiga mluzi, nimeridhika kama bwana harusi.

Siku moja nilikuwa nimembeba Mama Furaha. Huyu alikuwa Mkongo wa Uvira, muuza ndagala wa soko la Gitega, mama mnene wa mwili na wa maneno, aliyenichagua mimi kati ya wote kituoni kwa sababu keria yangu, alisema, haimchomi. Tulikuwa tunarudi kutoka upande wa Gishubi alikokwenda kuuza, na beseni la ndagala zilizobaki amelipakata. Tukatoka kwenye kijia, tukaingia lami. Nikashika kushoto kwangu, raha mustarehe. Mara nikasikia nyuma yangu sauti tulivu, kama ya mtu anayeulizia chumvi:

"We kijana, miguu yangu iko wapi?"

"Ipo kwenye keria, mama."

"Hapana. Miguu yangu iko inaangalia magari. Mi niliketi miguu iangalie mutaro. Sasa donc, ni mi niligeuka, ao ni we uligeuza barabara?"

Kabla sijajibu, lori likatokea kwenye kona mbele yetu, upande wetu, yaani upande wake. Nilivuka lami nzima bila kutazama popote, tukaingia kwenye shamba la mihogo la mtu, beseni likatutangulia. Hakuna aliyeumia. Mama Furaha aliketi chini kati ya mihogo, akaanza kuokota ndagala mojamoja na kuzipuliza udongo. Alipofika kama katikati ya kazi hiyo akaniinulia macho.

"Alors," akasema, "karibu Burundi."

Tangu siku hiyo nikawa na dira. Ninyi mnajua mama zetu wanavyoketi kwenye keria, ubavu, miguu yote miwili upande wa mtaro ili isikutane na magari. Kila nilipoingia lami niliuliza: mama, miguu inatazama nini? Ikitazama mtaro, niko salama. Ikitazama katikati ya barabara, Tanzania imenipanda kichwani tena. Wenzangu walinicheka sana, lakini kuna wengine wawili wa kituo chetu, nao wamerudi kutoka huko huko, niliwasikia siku nyingine wakiuliza swali lile lile kwa sauti ya chini.

Mwalimu wangu basi alikuwa abiria. Msicheke. Fikirini: nyinyi mnatazama mbele. Lori halikupigi kutoka mbele, hilo unaliona na unaliogopa ipasavyo. La hatari liko nyuma, na nyuma kuna mtu ameketi bure na macho yake mawili. Mama Furaha ndiye aliyeyaweka kazini.

"Mi niko naona nyuma, we uko unaona mbele," aliniambia. "Tukinyamaziana, tutakufa wote na biashara yangu."

Somo kubwa alinipa kwenye mteremko mmoja wa Gitega, pale barabara inapobanwa na ukuta upande mmoja na mtaro upande wa pili. Gari lilikuja nyuma, likapiga honi. Mimi kwa adabu yangu nikajisogeza pembeni, nikajisogeza tena, mpaka tairi likawa linacheza kwenye ukingo. Gari likapita. Kioo chake kilimvua Mama Furaha kilemba, kikaenda nacho mpaka chini ya mteremko. Nilisimama. Yeye, kichwa wazi, alikuwa amekasirika, na hakumkasirikia dereva.

"Kwa nini ulimufungulia?"

"Nimempisha, mama. Yeye ni mkubwa."

"Ulimupisha wapi? Pale nafasi ya velo yako na gari haiko. We ulisogea kidogo, yeye akaona kidogo, akafikiri inamutosha. Unasikia? Kama nafasi haiko, usimuoneshe nafasi."

Vijana, nimesoma kidogo, nimesikia mahubiri mengi, nimekaa na wazee wa kila aina. Sijawahi kupewa maneno yaliyonifaa kuliko hayo. Kama nafasi haipo, usimwonyeshe nafasi. Nilitamani nirudi mwanzo wa mteremko niuendeshe upya siku ile ile, na kweli tulirudi, tulipokwisha kukiokota kilemba chake kule chini, kwa sababu nilitaka kujaribu.

Basi niwaeleze inavyofanywa. Barabara ikiwa pana, gari linaweza kukupita bila kukugusa, kaa upande wa kulia. Lakini kulia si mtaroni. Nyoosha mkono wako wa kulia: ukingo wa lami uwe bado mbele ya vidole. Akiba haiozi, na barabarani akiba ni ile nafasi iliyobaki kulia kwako. Ukikutana na shimo, ukisukumwa na upepo wa lori, mbuzi akichomoka kwenye majani, una pa kukimbilia. Anayeendesha juu ya ukingo ameshaitumia akiba yote wakati hakuna shida, halafu shida ikija anabaki na mtaro.

Barabara ikibanwa, kwenye daraja, kwenye kona usiyoona mwisho wake, kwenye mzunguko wa magari, ingia katikati ya upande wako. Upande wako, nasema, sio katikati ya barabara, msije mkanisingizia. Ingia mapema. Anayeingia gari likiwa limeshafika kisogoni anajitupa tu. Geuka, mtazame dereva usoni, toa mkono, ndipo uingie. Hilo la uso ni muhimu kuliko mkono. Dereva akiona mgongo anaona kitu kimemzibia njia. Akiona uso anaona mtu, na mtu ukishatazamana naye ni kama mmesalimiana. Ukivuka pabaya, rudi kulia, inua mkono umshukuru. Msipitishe siku bila kushukuru dereva, maana kesho atawakuta tena.

Na magari yaliyosimama mjini, yapiteni mbali kiasi cha mlango uliofunguka. Mimi nilikula mlango mmoja mbele ya kinyozi pale Gitega, na aliyeufungua alikuwa padri, kwa hiyo hata kutukana sikuweza.

Ndipo nikahamia Muyinga. Nilioa huku, nikamuoa Consolata, na mtu hufuata moyo wake hata kwenye milima. Huku nikakutana na malori ya Tanzania yanayopanda kutoka mpakani, na wallahi, samahani, kwa jina la Bwana, hapo ndipo ugonjwa wangu ulipogeuka dawa.

Tazameni usukani. Lori la kule lina usukani upande wa kulia. Likiingia kwetu linapita kulia, kwa hiyo dereva ameketi juu ya mtaro. Wewe uliye pembeni anakuona vizuri sana, hata rangi ya soksi zako. Asichokiona ni kinachokuja mbele. Ili akupite lazima atoe pua ya lori lote nje ndipo jicho lake lifike huko, na akikuta basi linakuja, anarudi kulia kwa haraka. Anarudi wapi? Juu yako. Na gari lenye usukani kushoto ni kinyume: dereva anaona mbele vizuri, lakini hajui bodi lake upande wa mtaro linaishia wapi, anakisia, nawe uko ndani ya makisio yake. Mnaona ilivyo tamu? Madereva wawili, makosa mawili tofauti, na yote mawili yanakuua ukiwa mtaroni. Pale pabaya, wote wawili dawa yao ni moja, uwe katikati ya upande wako, wasipate pa kuchomeka pua.

Nilipoligundua hilo sikulala kwa furaha. Nilimsimulia Consolata mpaka akanigeuzia mgongo. Asubuhi nikawasimulia kituoni. Walinisikiliza kwa heshima, wakapanda baiskeli zao, wakaenda mtaroni.

Mwenye adabu kuliko wote alikuwa shemeji yangu, Deo, kaka yake Consolata. Sijaona mwendeshaji mpole kama Deo. Alibeba ndizi, mikungu imefungwa kushoto na kulia mpaka baiskeli haionekani, na hata hivyo akisikia gari alijisogeza. Nikimwambia aingie katikati alitabasamu. "Ego, ndiyo, shemeji," alikuwa anasema. "Lakini wale wako na haraka. Mi niko na ndizi tu." Kwake kukaa mbele ya lori kulikuwa utovu wa heshima, sawa na kukaa kwenye kiti cha baba mkwe.

Kwenye daraja la bondeni, njia ya mpakani, lori lilimkuta pembeni. Lilitoa pua, likaona gari linakuja, likarudi. Tela ndilo lililompata. Ndizi zilimwokoa, zilipokea pigo kubwa, ila mguu wake wa kushoto ulibaki chini ya baiskeli na haujarudi kuwa mguu tangu hapo. Anatembea na mkongojo. Nilipofika hospitalini alinishika mkono akaniambia, "Nilimupisha, shemeji. Nilimupisha mpaka nafasi ikaisha." Nililia mbele za watu. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Deo aliyasikia ya wakuu wote, alipisha kila mkubwa aliyepiga honi, na guu likavunjika.

Sasa mnaelewa kwa nini nyumbani kwangu habari ya baiskeli si ya mchezo. Goti langu lilipokufa, baiskeli ikaegeshwa ukutani. Consolata alitaka iuzwe. Binti yetu Neema, aliyemaliza shule na kukaa nyumbani akisubiri kazi isiyokuja, akasema haiuzwi. Anaitaka yeye, na nafasi yangu kituoni anaitaka pia.

"Mwanamke abebe watu?" nilimuuliza.

"Papa, abiria iko na kilo. Haiko na mwanaume ao mwanamke."

Huyo ni wangu. Lakini mama yake alisimama katikati ya nyumba akasema kitu kimoja tu: "Nina kaka mmoja, nilimpeleka barabarani na miguu miwili, nikarudishiwa mmoja. Neema sitampeleka." Na akilisema hilo Deo yuko pale pale kwenye kiti, mkongojo kati ya magoti, anatazama chini. Utamjibu nini mtu huyo? Kila nilichokuwa nimekijua miaka yote kilikuwa hakina maana kama mtoto wangu asingeweza kulivuka daraja lile na kurudi.

Tuliongea mpaka tukachoka. Mwisho Consolata akakata shauri: Neema ataniendesha mimi, mimi mwenyewe kwenye keria, kutoka nyumbani mpaka ng'ambo ya daraja na kurudi. Siku ya soko, malori yakiwepo. Tukirudi wote wawili wazima ndipo atafikiria.

Nilikuwa sijawahi kukaa kwenye keria ya mtu. Nawaambia, ni mahali pabaya. Sponji niliyowakalisha watu miaka yote ile nilikuwa naisifu kwa kutoijua. Nikaketi ubavu kama mama zetu, nikashika kiti chake, tukateremka. Neema alikaa kulia, mkono mmoja kutoka ukingoni, anakwepa mashimo bila kuyumba, na mimi nyuma moyo unanienda kama ngoma za harusi. Nusu furaha, nusu hofu, sikujua nishike ipi.

Mteremko wa bondeni ukaanza, na nyuma yetu nikaliona. Lori la Tanzania, limeshiba mzigo, linateremka kwa breki zinazolia.

"Lori," nikasema. "Usukani kulia. Limepakia."

"Nimeisikia, Papa."

Aligeuka. Alimtazama dereva usoni, akatoa mkono wa kushoto, akaingia katikati ya upande wetu, akakaa hapo imara kabisa. Lori likapiga honi. Ile honi, vijana, ukiwa mbele unaisikia masikioni. Ukiwa kwenye keria unaisikia tumboni. Daraja liko mbele yetu, na ng'ambo nikaona basi dogo linaingia. Na hapo mwili wangu, mwili wa mwalimu, wa mhubiri wa katikati, ukaanza kulalia mtaroni.

"Papa, uko unanivuta. Kaa sawa."

"Neema, ingia pembeni."

"Hapana. Nafasi haiko. Kaa sawa, Papa."

Nikakaa sawa. Honi ikapigwa tena, kwa muda mrefu, halafu ikanyamaza, na nikasikia gia inashuka. Lori lilipunguza. Lile jitu lote na tela lake lilipunguza, likatambaa nyuma yetu daraja zima kwa mwendo wa binti yangu, na basi dogo likapita upande wake bila kugusa mtu. Tulipomaliza daraja Neema akarudi kulia, akainua mkono. Lori likatupita mbali, nafasi tele, na utingo akatoa kichwa dirishani.

"Dada, safi sana," akapiga kelele. "Mzee, fumbua macho, tumeshapita."

Nilikuwa nimeyafumba kweli. Neema alicheka mpaka baiskeli ikayumba kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Tuliporudi, Consolata alikuwa mlangoni, na Deo amesimama nyuma yake juu ya mkongojo. Mimi nilianza kusimulia kabla sijashuka, mikono yote hewani. Consolata hakunitazama. Alimuuliza Neema.

"Darajani ulipita wapi?"

"Katikati, Mama. Upande wetu, lakini katikati."

"Lori lilikuwepo?"

"Ilikuwa nyuma yetu."

"Likafanya nini?"

"Ilingoja."

Deo alisogea mbele, taratibu, mpaka akafika kwenye baiskeli, akaweka mkono juu ya usukani.

"Ilingoja?" akamuuliza Neema.

"Ilingoja, mjomba. Mpaka tukamaliza."

"Mi sikujua," alisema Deo. "Miaka yote ile, mi sikujua kama ile iko inaweza kungoja."

Consolata alimtazama kaka yake. Kisha akaingia ndani, nikadhani ameenda kulia, na mimi mwenyewe machozi yalikuwa yameshafika. Akatoka na kikapu cha sokoni na kitenge cha kwenda kanisani, anakifunga kiunoni huku anatembea. Akaketi kwenye keria, akaweka kikapu mapajani, akamgusa Neema mgongoni.

"Twende," akasema. "Nyanya zitaisha."

Wakaondoka. Mtoto wangu akapinda kona ya barabara kuu, akatoa mkono, akaingia, na gari la nyuma likampa njia. Na mimi, mwenye baiskeli tangu ujana wangu, nikachukua fimbo nikawafuata sokoni kwa miguu, nikitembea pembeni kabisa, ng'ambo ya mtaro, nacheka peke yangu mpaka watu wakanisalimia kwa wasiwasi.